Foleni za vituo vya ada zipimwe, si mapato pekee

MJADALA kuhusu barabara za kulipia humu nchini umekuwa wa pesa tu: dereva atatozwa kiasi gani, na mwekezaji atavuna kwa miaka mingapi. Kuna suala jingine zito ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni muda anaopoteza dereva akisubiri kulipa.

Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika Mei 2022. Januari 2024, ada ya gari dogo ilipanda kutoka kati ya Sh120 na Sh360 hadi kati ya Sh170 na Sh500, kutegemea umbali. Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo pia itakuwa ya kulipia. Anayetoa pesa hizi ananunua muda. Akicheleweshwa kibandani, ameuziwa bidhaa pungufu.

Je, ufanisi wa kituo cha ada hupimwaje? Vipimo vikuu ni vinne: muda wa kumhudumia dereva mmoja, idadi ya magari yanayopita kwa saa, urefu wa foleni, na muda wote ambao dereva husubiri kabla ya kufunguliwa kizuizi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kibanda kinachotumia sekunde 10 kwa kila gari huweza kuhudumia magari 360 kwa saa. Ikiwa karani anatafuta chenji na muda huo ukafika sekunde 15, idadi hushuka hadi 240. Magari 300 yakiwasili katika saa hiyo, 60 yatabaki kwenye foleni, na dereva wa mwisho atangoja dakika 15. Sekunde tano tu ndizo zilizozaa balaa hilo.

Elimu hii si ngeni. Mnamo 1954, mtafiti Leslie Edie alichapisha uchunguzi wake kuhusu ucheleweshaji katika vibanda vya ada vya mamlaka ya bandari ya New York, Marekani. Alionyesha kwamba idadi ya vibanda vya kufunguliwa inaweza kupangwa kwa kufuata wingi wa magari ya kila saa, badala ya kusubiri foleni irefuke ndipo karani wa ziada aitwe.

Tahadhari ni kwamba wastani wa siku nzima huweza kupotosha. Kituo kilicho kitupu saa nane usiku na kilichofurika saa moja asubuhi kinaweza kuonyesha wastani wa kupendeza. Kipimo cha haki ni kile cha saa za msongamano.

India ilijaribu kuweka kiwango cha wazi. Mei 2021, baada ya malipo ya kielektroniki ya FASTag kufanywa ya lazima, mamlaka ya barabara kuu ya nchi hiyo iliagiza kila gari lihudumiwe kwa muda usiozidi sekunde 10. Mstari wa manjano ulichorwa mita 100 kutoka kibandani. Foleni ikiuvuka, magari yangepita bure hadi ipungue. Mnamo 2024, hata hivyo, mamlaka hiyo iliondoa msamaha huo.

Funzo hapo ni la pande mbili. Mstari wa manjano ulimwezesha dereva wa kawaida kuwa mkaguzi, bila kuhitaji saa wala mtaalamu. Lakini haki inayotolewa kwa agizo la ofisi huweza kufutwa kwa agizo jingine. Ndiyo maana viwango vya huduma vinafaa kuandikwa katika mkataba wenyewe, pamoja na adhabu kwa anayevikiuka.

Kwa hivyo, serikali inapoendelea na mpango wa barabara za kulipia, iwaeleze wananchi kiwango cha juu cha kusubiri katika kila kituo, na itangaze matokeo ya vipimo kila mwezi. Mitambo inayorekodi kila shilingi inayoingia haishindwi kurekodi kila dakika inayopotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na muda wa dereva ni mali.