DENI LA TAJIRI NA DENI LA MASKINI

Wako watu waaminio kwamba tajiri, kwa kuwa ameweza kukusanya mali, hapana shaka ataweza pia kulinda mali ya nchi. Twawaomba wayatazame maisha ya Robert Morris wa Marekani.

Morris alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1734, akavuka bahari angali kijana, akawa mfanya biashara mkubwa mjini Philadelphia. Alitia saini Tangazo la Uhuru la 1776. Mwaka 1781, vita vilipokuwa vimeikausha hazina, alikabidhiwa fedha za nchi. Alikopa kwa jina lake mwenyewe ili jeshi la George Washington lifike Yorktown, akaanzisha na Benki ya Amerika ya Kaskazini. Hatumnyimi sifa hiyo.

Lakini kampuni yake ilipata kuuza watumwa Waafrika. Na vita vilipokwisha, mwaka 1783, askari walirudishwa makwao na hati za ahadi badala ya fedha taslimu. Wengi, kwa njaa, waliziuza kwa bei ya kutupa. Walionunua walikuwa wenye fedha.

Kisha tamaa ya ardhi ikamshika Morris. Alinunua mamilioni ya ekari kwa mikopo, akitumaini kuziuza kwa faida. Wanunuzi hawakutokea, wadai wakatokea. Februari 1798 alitiwa gerezani kwa madeni, na Washington, aliyekwisha kuwa Rais, alikwenda kula naye humo humo. Agosti 1801 aliachiliwa kwa sheria mpya ya wafilisi ya mwaka 1800. Alikufa mwaka 1806 hana kitu.

Wengi humlilia Morris. Sisi twauliza jambo jingine. Sheria ile iliyomfungulia mlango iliwahusu wafanya biashara, madalali na watu wa benki. Mkulima na mtu wa kazi za mikono hawakuwamo. Seremala aliyeshindwa kulipa deni dogo aliweza kufungwa kama kawaida, wala hakuna mkubwa aliyekwenda kula naye.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, na Morris aliyaona. Lakini daftari la taifa lina kurasa mbili, ya mwenye nacho na ya asiye nacho. Sheria inayosoma ukurasa mmoja tu haijawa haki, hata ikiandikwa na mashujaa wa uhuru.