Kifurushi cha Vinywaji na Kijana wa Changamwe



Juma lililopita kamati ya hija iliniletea makadirio ya safari ya mwakani, ile ya Nyayo za Mtume Paulo. Tiketi za ndege, hoteli za Thesalonike na Athene, basi la kwenda Korintho, kisha siku nne za meli kutoka bandari ya Piraeus hadi kisiwa cha Patmo na Kusadasi, mahali tunaposhukia kwenda Efeso. Chini ya gharama za meli kulikuwa na mstari mmoja mfupi: "Kifurushi cha vinywaji, kila mhujaji." Nikaukata kwa kalamu nyekundu. Katibu akajitetea haraka, "Padre, si pombe tu, humo mna soda na juisi pia." Nikamwambia najua kilichomo. Miaka mitatu iliyopita nilikinunua mwenyewe.

Kwa wasiowahi kusafiri hivyo, nieleze kidogo. Meli za matembezi si za namna moja. Kuna miji inayoelea, kama Icon of the Seas iliyoanza safari zake mwaka 2024, ambayo huchukua abiria zaidi ya 5,000. Halafu kuna meli ndogo, za abiria mia moja, mia mbili, mia tatu. Ile iliyombeba Mtume Paulo kuelekea Roma ilikuwa na watu 276 (Mdo 27:37), kwa hiyo kwa kipimo cha leo naye alisafiri kwa meli ndogo, ingawa sidhani kama angesifia huduma yake: siku kumi na nne watu hawajala, na mwishowe meli ikavunjika. Watu hupenda meli ndogo kwa sababu huingia bandari ambazo kubwa haziwezi, foleni ni fupi, na mhudumu anakufahamu. Siku ya pili tu anajua kwamba chai yako haiwekwi sukari.

Kwa upande wa vinywaji, kuna kampuni zinazoingiza karibu kila kitu ndani ya nauli. Meli za kifahari za Seabourn na Silversea hufanya hivyo, na nauli yake si ya parokia yetu. Nyingine, kama Viking kwenye mito ya Ulaya, hukupa divai na bia wakati wa chakula cha mchana na cha jioni. Na zipo zinazouza kila glasi peke yake, au kukuuzia kifurushi: unalipa kiasi fulani kwa siku, unakunywa. Watanzania hatuhitaji kufundishwa maana ya kifurushi. Kila mwenye simu amewahi kukesha akiangalia video asizozihitaji kwa sababu bando linaisha saa sita usiku.

Katika kundi letu la watu 31 alikuwamo mzee mmoja mstaafu wa benki. Jioni ya kwanza alichukua kitambaa cha karatasi mezani akapiga hesabu. Nairudia hapa kwa namba rahisi za mfano. Kifurushi ni yuro 40 kwa siku, na juu yake asilimia 18 ya huduma, jumla yuro 47.20. Glasi ya divai ni yuro 8, ukiongeza asilimia zilezile inakuwa yuro 9.44. Gawanya: unapata glasi tano kamili. Yaani ukinywa glasi tano kwa siku hujapata faida wala hasara. Faida inaanzia glasi ya sita. Kumbuka pia kwamba siku ya Efeso unashuka asubuhi na kurudi alasiri, na kifurushi hakishuki gatini pamoja nawe. Hizo glasi tano, basi, ni za kati ya alasiri na kulala.

Kuna na kanuni nyingine inayokutwa kwenye meli nyingi: mtu mzima mmoja wa chumba akichukua kifurushi, mwenzake naye sharti achukue. Tulikuwa na wanandoa waliokuja hija kushukuru kwa miaka thelathini ya ndoa. Baba alitaka bia zake. Mama ni wa WAWATA, na hajaonja pombe tangu Kipaimara. Wakalipa wote wawili, yuro 377.60 kwa siku nne kwa hesabu ya mzee wetu, zaidi ya shilingi milioni moja. Ili pesa isipotee, Mama akanywa juisi ya machungwa glasi tano kila siku, na pale kwenye Nyumba ya Bikira Maria, juu ya Efeso, alikaa kwenye jiwe ameshika tumbo. Mwenyekiti wa kamati alinikumbusha kwamba Timoteo alipokuwa hukohuko Efeso aliruhusiwa divai kwa ajili ya tumbo lake (1 Tim 5:23). Nikamkumbusha kwamba Paulo alitaja kidogo.

Sitaki kukionea kifurushi. Mstaafu anayeishi kwa pensheni ana haki ya kutaka kujua gharama yote kabla hajatoka nyumbani, maana bili ya siku ya mwisho inaweza kumtoa mtu jasho. Na kama meli inauza hata maji ya chupa, huenda kile kifurushi kidogo cha maji, soda na kahawa kikakufaa. Uliza kwanza, kwa sababu kwenye meli nyingi maji ya jagi, chai na kahawa ya mezani hailipiwi.

Lakini si pesa iliyonifanya nishike kalamu nyekundu.

Meza zetu zilihudumiwa na kijana wa Changamwe, Mombasa. Ukisalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo, Padre" katikati ya bahari ya Aegea, moyo unaruka. Alikuwa katika mwezi wa saba wa mkataba wa miezi tisa. Mtoto wake alimwacha anatambaa, na hatua zake za kwanza aliziona kwenye simu. Sasa, katika meli ndogo wahudumu ni wachache. Yuleyule anayeleta samaki ndiye anayeleta bia. Kanuni ya kifurushi ilikuwa kinywaji kimoja kwa mara moja, na kila kimoja kiandikwe kwa kadi ya chumba. Kwa hiyo glasi tano za mtu mmoja ni safari tano kutoka kaunta. Za watu 31 ni safari 155. Usiku wa pili supu zilianza kutufikia zimepoa, tukaanza kunung'unika kama Waisraeli jangwani. Hakuna aliyeunganisha supu iliyopoa na glasi aliyoishika mkononi. Hata mimi sikuunganisha.

Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unamlinda pia mhudumu wa meza melini, si nahodha na mafundi wa injini tu. Moja ya vipimo vyake ni mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Ni jambo jema. Ila geuza hesabu: juma lina saa 168, hivyo hata meli ikitii kipimo hicho sawasawa, mtu anaweza kuwa kazini saa 91.

Usiku ule wa pili, akinimiminia divai, kijana aliinama akasema polepole, "Padre, nikimaliza kazi saa tano na nusu, naweza kukuona kwa maungamo? Na kuna Wafilipino wawili wangependa Misa, hata fupi. Tangu Pasaka hatujaona padre." Ilikuwa Septemba. Nikamwambia bila shaka, tukutane kwenye ukumbi mdogo wa sitaha ya nne.

Hapo nilikuwa kwenye glasi ya tatu, na ya tatu ingetosha. Kwa kweli ya pili ingetosha. Mzee wa benki akacheka, "Padre, bado mbili hujarudisha hela yako." Nami nikarudisha hela yangu. Sikulewa, ndugu msomaji, asije mtu akamwandikia Askofu. Nililala tu. Saa nne na nusu nilikaa kitandani nivue viatu, na nilipofumbua macho ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nina kiatu kimoja mguuni. Wale watatu walikuwa wamekaa kwenye ule ukumbi mdogo mpaka saa saba kasoro robo, na saa kumi na mbili asubuhi walitakiwa kazini tena.

Nilimkuta akipanga vikombe. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Pole, Padre. Jua la Efeso ni kali, mlichoka." Udhuru alinitafutia yeye. Usiku wa mwisho alipangiwa zamu ya mizigo. Tulipata dakika kumi kwenye ngazi za wahudumu. Misa haikupatikana, na wale Wafilipino sikuwaona tena.

Asubuhi ya kushuka tukaletewa fomu ya tathmini: chakula, kasi ya vinywaji, uchangamfu wa mhudumu, alama moja hadi kumi. Kundi letu, watu wa Misa na rozari ya kila siku, lilimpa saba. Wengine sita. Sababu ni supu. Kijana alikuwa amenidokeza kwamba kwao chini ya tisa ni kama kufeli, na kwamba mkuu wake huzitazama alama hizo kabla ya kumwandikia mtu mkataba mpya. Nilipowaambia wenzangu, fomu nyingi zilikuwa zimekwisha kukusanywa.

Tangu siku ile arusi ya Kana naisoma kwa namna nyingine (Yn 2:1-11). Kwa miaka mingi niliihubiri kama habari ya divai, ya Mama anayeona upungufu, ya ishara ya kwanza. Yote ni kweli. Lakini tazama yale mabalasi sita ya mawe, kila moja lilichukua lita 80 hadi 120 hivi, na yalijazwa mpaka juu. Hapakuwa na bomba. Kuna watu waliochota yale maji na kuyabeba, ndoo kwa ndoo, wageni wakiwa wameketi. Mkuu wa meza alipoonja hakujua divai imetoka wapi. Yohane anatuambia waziwazi kwamba watumishi ndio waliojua. Na sifa zikaenda kwa bwana arusi, ambaye hakuwa amefanya lolote. Mkuu wa meza alijaza fomu ya tathmini bila kujua kilichotokea uani.

Sisi nasi tunajaza hivyohivyo. Kwenye ile fomu nilitafuta mahali pa kuandika kwamba mimi, mgeni, nilikuwa mzigo. Hapakuwapo. Kanisa lina utume wake kwa watu wa bahari, Stella Maris, ulioanzia Glasgow mwaka 1920, na Jumapili ya pili ya Julai tunawaombea mabaharia. Huwa tunawafikiria wavuvi na watu wa meli za mizigo. Katika sala za waamini sijawahi kusikia akitajwa mhudumu wa meza, pengine kwa sababu tunapomwona ametabasamu na amevaa shati jeupe.

Basi nikiulizwa sasa meli ipi ina huduma nzuri, swali langu si glasi inafika baada ya dakika ngapi. Namuuliza wakala mkataba wa wahudumu ni wa miezi mingapi. Namuuliza ile asilimia ya huduma inayoongezwa kwenye kifurushi inagawanywa vipi, kwa kuwa usidhani yote inaingia mfukoni mwa aliyekuletea kinywaji. Namuuliza kama kiongozi wa dini anaweza kupewa chumba kwa ibada ya wafanyakazi. Wakala mmoja wa hapa mjini alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba wateja wengine huuliza kama kuna pilipili. Alikwenda kuuliza hata hivyo, na siku nne baadaye akaleta majibu.

Katibu bado hajaridhika. Anasema watu watalalamika. Watalalamika, ndiyo. Anayetaka bia atainunua, glasi kwa glasi, kwa fedha yake, na atajua ni ya ngapi. Asiyekunywa hatamlipia jirani yake. Bakshishi tutaikusanya ndani ya bahasha na kumpa mtu mkononi, tukijua jina lake na kwao ni wapi. Fomu za tathmini tutazijaza pamoja, baada ya kuulizana nani alimtuma kaunta mara ngapi.

Palepale nilipokata ule mstari nimeandika mwingine. Siku ya pili, saa sita usiku: Misa ya wahudumu, ukumbi wowote tutakaopewa. Kahawa ya kunikesheza nitainunua mwenyewe, na nimemwomba Mama wa juisi ya machungwa, ambaye amejiandikisha tena, aje kunigongea mlango saa tano na nusu.