Kano Zikatikapo Chini ya Tako

Wakati wa mvua njia za mteremko huwa na utelezi, na ajali huwa nyingi. Mtu hushuka na mzigo wake, mguu mmoja ukateleza mbele nao umenyooka, na kiwiliwili kikainama juu yake. Ghafula husikia kitu kikialika ndani ya tako, na maumivu makali humwangusha chini. Afikapo nyumbani husema ya kuwa ni msuli tu ulioteguka; hukandwa kwa maji ya moto, na majuma hupita. Kumbe huenda ameumia zaidi ya vile adhanivyo.

Aliyewahi kuchuna mbuzi azijua kano: ni zile kamba nyeupe, ngumu, zifungazo nyama kwenye mfupa. Nyuma ya paja la mwanadamu mna misuli mitatu inayokunja goti na kulirudisha paja nyuma. Kano zake hushikamana na mfupa wa tako, yaani ule aukaliao mtu aketipo juu ya benchi ngumu. Nyonga ikikunjwa kwa nguvu hali goti limenyooka, kano hizo huvutwa kupita kiasi. Huchanika, au hung'oka kabisa.

Dalili zake zafaa zijulikane. Maumivu huwa chini ya tako, na huzidi mtu aketipo. Hatua huwa fupi, na goti hukosa nguvu ya kujikunja. Baada ya siku chache damu huweza kuvilia nyuma ya paja, hata karibu na goti. Wengine huona ganzi au mchomo ushukao mguuni, kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu hupita jirani na mahali hapo.

Hospitalini daktari humlaza mgonjwa kifudifudi, akapapasa mfupa wa tako, kisha akamwambia akunje goti huku yeye akilizuia kwa mkono. Miguu yote miwili hulinganishwa. Picha ya eksirei haionyeshi kano, lakini yafaa sana kwa vijana wanaokua, maana kwao kipande cha mfupa huweza kung'oka pamoja na kano. Picha ya MRI ndiyo ionyeshayo vizuri ni kano ngapi zilizokatika, na zimejivuta umbali gani.

Kano zilizochanika kidogo hutibiwa bila kisu: mapumziko, magongo, barafu iliyofungwa katika kitambaa, dawa za maumivu, na baadaye mazoezi ya polepole chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kano zote zikiwa zimeng'oka, nazo zimejivuta zaidi ya sentimita 2, daktari mpasuaji huweza kuzishona tena mfupani. Hata hivyo si kila mtu hupasuliwa. Uchunguzi uliofanywa Sweden na Norway, uliotangazwa mwaka 2024, ulionyesha ya kuwa watu wa miaka 30 hadi 70 waliotibiwa bila kupasuliwa hawakuwa nyuma ya wenzao baada ya miaka 2. Basi umri na kazi ya mgonjwa hupimwa kabla ya kuamua.

Lakini kuamua huko kwahitaji wakati. Kazi ya kushona huwa rahisi zaidi katika majuma ya kwanza. Miezi ikipita, kano hujikunyata na kovu huzizunguka, pengine likaushika na ule mshipa wa fahamu. Aliyepasuliwa naye awe na subira: hutembea kwa magongo kwa majuma kadhaa, na kazi nzito hungoja miezi mingi.

Kwa hiyo aliyeumia hivyo asikandwe kwa nguvu wala asinyooshwe mguu, bali apelekwe kwa daktari siku zile zile za kwanza. Akifika huko ataje mambo matatu: siku aliyoanguka, jinsi mguu ulivyokwenda, na kama alisikia mlio. Hayo yatamwongoza daktari kutafuta mahali panapostahili.