Kumwaga Oili

Huku kwetu hatusemi kubadilisha oili, tunasema kumwaga oili. Neno tumelizoea, na kama yalivyo mengi tuliyoyazoea, linatuamulia namna ya kuifanya kazi kabla hatujafikiri. Fundi akisikia "kumwaga" anatafuta tundu la chini. Anajilaza, anafungua nati ya sampu, oili inashuka kwenye karai kama karai lipo, na kama halipo inashuka mchangani. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa sifanyi tena, na nimechoka kuchekwa kwa hilo, ndiyo maana naandika.

Ninayo pampu ya kunyonyea oili. Ni tangi la plastiki la lita 6 na ushei, juu yake pana mpini wa kupampu kama ule wa pampu ya baiskeli, na ubavuni unatoka mrija mwembamba. Naliwasha gari dakika tano au kumi oili ipate vuguvugu na ilegee, nalizima, nangoja kidogo, kisha nachomoa stiki ya kupimia oili na kuingiza mrija katika tundu lile lile mpaka nihisi umegusa kitako cha sampu. Napiga pampu mara kumi na tano, ishirini, naacha, nakaa kwenye stuli. Pampu imetoa hewa ndani ya tangi, na hii hewa ya nje tunayoivuta sote ndiyo inayoikandamiza oili mpaka ipande mrijani. Hapana umeme, hapana jeki, na shati ninalovaa nikimaliza ndilo nililoanza nalo.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu ufundi, aliponiona mara ya kwanza alisimama uani akatikisa kichwa. "Kijana wangu," akaniambia, nami nina mvi, "oili hushuka, haipandi. Huo ni uvivu."

"Mzee, shikamoo," nikamjibu, "uvivu huu umenikuta nikiwa nimeshachoka kuogopa."

Hiyo hofu sikuizua. Mwaka 2009 nilikuwa chini ya gari langu la wakati ule, limeinuliwa kwa jeki lake dogo la kwenye buti, na chini ya fremu nimeweka matofali mawili ya saruji. Tofali la saruji, msomaji, hulala imara siku zote mpaka siku linapopasuka, na likipasuka halitoi taarifa. Gari liliteremka. Lililoniokoa ni tairi la akiba nililokuwa nimelisukumia chini ya kizingiti cha mlango, tena si kwa busara, ila kwa kuwa lilikuwa limekaa njiani. Gari lililalia tairi, likabaki upana wa kiganja kati ya chuma na kifua changu. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amesimama pale ameshika tochi. Hakulia. Aliniuliza kama nimemaliza.

Kuanzia siku ile nikaona afadhali kulipa gereji. Gereji niliyoizoea ilinifanyia kazi vizuri kwa muda, mpaka siku kijana mmoja alipoikaza nati ya sampu kwa spana yenye bomba la kurefushia mpini, kama mtu anayefunga daraja. Safari iliyofuata nyuzi zilikuwa zimelika, na sampu za siku hizi nyingi ni za aluminiamu, laini mbele ya nati ya chuma. Oili ikawa inavuja tone tone usiku kucha. Nilipouliza, niliambiwa gari ni la zamani. Sampu nilinunua mimi.

Basi nikiulizwa faida ya pampu, najibu kwamba nati ambayo haifunguliwi haiharibiwi. Watu hunitazama kama nimekwepa swali.

Hoja wanayoishikilia sana ni ya uchafu. Wanasema uchafu umekaa chini, na ukinyonya kwa juu unauacha. Hoja hii inasikika vizuri, nami nilitaka kujua. Gari langu ni Mercedes-Benz C180 ya mwaka 1996, linalokula takribani lita 5 na nusu pamoja na filta. Nilinyonya mpaka mrija ukaanza kukoroma, kisha, kwa mara ya mwisho na kwa stendi madhubuti, nikaingia chini nikafungua nati. Kilichotoka hakikujaza kikombe cha kahawa. Na uchafu wenyewe? Oili ya injini imetiwa viungo vya kuushika uchafu uelee ndani yake, ndiyo sababu inakuwa nyeusi, na chembe kubwa hunaswa na filta. Ukinyonya oili ikiwa ya moto kiasi, uchafu unapanda nayo. Ule ulioganda kama ugali kitakoni hautoki kwa pampu, lakini na kwa tundu la nati pia hautoki. Huo unataka sampu ishushwe. Waulizeni wenye boti za mashine ya ndani. Mashine imekaa tumboni mwa chombo, chini yake hapana nafasi hata ya kikombe, na watu wamekuwa wakivuta oili kwa tundu la stiki tangu zamani. Mbona hao hatuwaiti wavivu?

Sitaki kudanganya, hata hivyo. Si kila gari linakubali. Tulijaribu Toyota IST ya shemeji yangu, injini ya lita moja na nusu, ambayo bila kubadilisha filta hupokea lita 3.4. Ikatoka 2.8. Mrija ulikuwa umejikunja njiani. Tukauchomoa, tukaunyoosha, tukaurudisha, ndipo ikaja iliyobaki. Asiyepima asinunue pampu, maana atajaza oili mpya juu ya ya zamani, ipite alama, kisha aseme nimemponza. Tena filta ya gari hilo huifikia kwa chini, kwa hiyo shemeji bado analala mchangani, wakati yangu iko juu ndani ya kopo lenye mfuniko wa plastiki. Na yule mzee alikuwa na neno moja la kweli: anayeingia chini ya gari huona mpira uliopasuka na bomba linalovuja. Mimi huliingiza gari kwenye shimo la ukaguzi mara mbili kwa mwaka, natazama, natoka.

Kwenye usukani pampu inafaa pia: unanyonya kikopo cha hidroliki, unajaza mpya, unazungusha usukani, unarudia. Kwenye gia boksi ya otomatiki yenye stiki, ujue unatoa sehemu tu, kwani nyingine imebaki ndani ya tokonveta. Breki nawaonya: mrija ulioshika oili usiguse mafuta ya breki, kwa kuwa oili huvimbisha mipira yake, na gari litakudai siku ya mteremko. Petroli usiinyonye kwa chombo hiki kabisa. Ajabu ni kwamba wanaonicheka ndio hao hao ninaowaona wakinyonya petroli kwa mdomo na kuitema barabarani.

Lakini lililonifanya nikaze kamba hasa ni mtaro. Hapa Tabata, gereji bubu zimepangana chini ya miarobaini, na ardhi yake ni nyeusi, ngumu, inang'aa kama lami. Masika ikianza maji yanapanda na rangi za upinde, yanaingia mtaroni, mtaro unaelekea Mto Msimbazi, na Msimbazi unaelekea baharini. Oili iliyotumika ina masizi na chembe za chuma, na ngozi inayoogeshwa nayo kila siku kwa miaka inaweza kupata saratani. Vijana wale hunawa mikono kwa petroli kisha hula chapati. Siwalaumu kwa umaskini wa vifaa. Namlaumu mwenye gereji anayeweza kununua redio kubwa ila hawezi kununua pipa, nasi wenye magari tunaokaa kwenye benchi tukisoma gazeti huku lita 4 zetu zikinywewa na mchanga.

Oili ya pampu haigusi ardhi. Inatoka kwenye injini inaingia kwenye tangi, kutoka tangi inaingia kwenye dumu lenye kifuniko, na tangi likinionyesha lita 5 najua ni ngapi za kurudisha. Baadhi humpa fundi seremala, apake mbao za paa zisiliwe na mchwa. Nayo si dawa safi, najua. Nyingine zinabaki nyuma ya nyumba, na mama watoto ameshauliza mara mbili zitakaa pale mpaka lini. Nimepeleka madumu kwenye vituo viwili vya mafuta. Kimoja walipokea, wakalimimina kwenye pipa. Kwenye kile kingine mhudumu alilitazama dumu, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole kunionyesha mtaro.