Hema la Gikomba, kambi ya Hell's Gate
Katika soko la Gikomba, Nairobi, kwa bei ya kupatana, kijana wa Pumwani hupata hema la mitumba, begi la kulalia na viatu vya kupandia mlima. Hapo jirani, mafundi wa jua kali wa Kamukunji humuuzia jiko na sufuria. Kilichobaki ni mahali pa kulala. Hell's Gate, mbuga iliyotangazwa mwaka 1984 karibu na Naivasha, ina kambi za umma kama Ol Dubai na Naiburta, na ni kati ya mbuga chache za Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Ndiyo mbuga ya asiye na gari. Humo humo, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria umezalisha umeme tangu 1981, kwa hiyo taa vyooni na maji ya moto kambini si anasa hata kidogo. Lakini ukarabati wa kambi hizo uanze na usalama: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla katika korongo la mbuga hiyo yaliua watu 7, basi ving'ora vya tahadhari vitangulie bafu za vigae. Ada ya hema isipandishwe. Na meza, viti na majiko, shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, liviagize Gikomba na Kamukunji.