Maoni: Fundi, pima presio kabla ya kuuza turbo

Hapa Lubumbashi, gari ya mazutu yenye turbo ikikosa nguvu, hukumu inatolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Fundi anafungua kapo, anasikiliza motere dakika mbili, kisha anasema: turbo imekufa. Kama si turbo, ni pompi. Mwenye gari anaanza kutafuta dola.

Yalinipata mimi mwenyewe. Mjini gari yangu ilitembea vizuri. Lakini kwenye barabara ya Likasi, kila nilipotaka kupita kamyo, taa ya motere iliwaka na nguvu zikaisha. Nilinunua turbo ya okazio. Ugonjwa ukabaki palepale.

Fundi wa pili aliomba kitu kimoja tu: tutoke barabarani tukiwa tumeunga mashine inayosoma kompyuta ya gari. Gari ikiwa imesimama, presio ya mafuta ilikuwa karibu bari 300, hakuna shida. Nilipokanyaga mafuta kwenye mlima, kompyuta iliomba zaidi ya bari 1.400, presio ikaishia 800. Turbo ilileta hewa, mafuta hayakufika. Filtri ilikuwa imejaa maji na uchafu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya motere, na hewa ikiongezeka, mafuta nayo lazima yaongezeke. Kwa hiyo kupima gari ikiwa imesimama garajini ni kama kumpima mtu pumzi akiwa amelala. Ugonjwa unaonekana kwenye kazi.

Tena kuna utaratibu, na unaanza na vitu vya bei ndogo. Moshi mweusi mwingi mara nyingi unaonyesha kwamba hewa ndiyo inayokosekana: tazama mipira ya turbo kama imepasuka. Nguvu zikikosekana bila moshi huo, fuata mafuta. Anza na filtri, kisha mipira inayotoka tangini, maana tundu dogo linaingiza hewa. Halafu pima mafuta yanayorudi kutoka kila enjektere. Moja ikirudisha mengi kuliko wenzake, ndiyo inayoiba presio. Pompi inakuja mwisho. Na mtu asifungue bomba la presio kubwa motere ikiwa inazunguka: mafuta hayo yanapasua ngozi na kuingia mwilini.

Mafundi wanajibu kwamba mashine ni ghali. Ni kweli. Lakini garaji tatu au nne za avenyu moja zinaweza kuchanga na kununua moja. Sisi wenye magari nasi tuna kosa letu. Tunakubali kulipa pesa nyingi kwa kipande cha chuma, lakini fundi akiomba malipo kidogo ya kutafuta ugonjwa, tunamwita mwizi. Kisha tunajaza mazutu ya bidoni bila kujua ilikolala.

Gari inayokosa nguvu katikati ya kupita kamyo inaweza kuua watu. Tangu siku ile, mtu akiniambia nibadilishe kipande, namuuliza kwanza: umepima ngapi, na gari ilikuwa inafanya kazi gani? Asipokuwa na jibu, nabaki na pesa zangu mfukoni.