Mzigo wa Joto Si wa Mvuvi Peke Yake

Dagaa wa Kasanga hulishwa na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu ya Ziwa Tanganyika, na maji baridi hupanda na rutuba yake. Lakini hewa ya ukaa, nyingi yake kutoka viwanda vya nchi tajiri, imezidisha joto duniani. Maji yenye joto ni mepesi. Hukaa juu kama mafuta, na rutuba hubaki chini. Wataalamu walitangaza hayo mwaka 2003.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi miezi mitatu. Ni haki, ziwa lipumzike. Tuache nyavu haramu. Lakini waliochoma makaa karne mbili nao walipe deni lao!